BANDU BANDU HUISHA GOGO
Machimbo ya Kwale Yamefungwa: Kampuni Kubwa Huacha Nini Nyuma Yake?

Mwezi wa Desemba mwaka 2024, mitambo ya kuchimba mchanga wa madini katika vilima vya Kwale ilisimama. Tangu mwishoni mwa mwaka 2013 mitambo hiyo ilikuwa ikinguruma mchana na usiku, na malori yake yakipita katika barabara kuu ya kwenda Likoni, yakipeleka mzigo melini. Haikusimamishwa na vita wala na mgomo. Kilichoisha ni mchanga wenyewe, yaani ule wenye madini ya kutosha kulipa gharama ya kuuchimba. Wazee walikwisha kusema zamani kwamba bandu bandu huisha gogo.

Mahali hapo ni umbali wa kilometa 50 hivi kusini ya Mombasa, na kilometa 10 hivi kutoka baharini, katika vijiji vilivyoitwa Maumba na Nguluku. Mtu atokaye Diani kwenda Msambweni huviacha vilima hivyo mkono wa kulia. Jina la kampuni lilikuwa Base Titanium, na katika Kenya yote hapakuwa na machimbo ya madini makubwa kupita hayo. Watu zaidi ya elfu moja walikula kwa kazi yake, mbali na wauza duka, wenye nyumba za kupangisha na mama wa mikahawa ambao nao walitazamia mwisho wa mwezi.

Basi swali linaloulizwa barazani, kutoka Ukunda mpaka Lunga Lunga, ni moja: Kampuni imemaliza kazi yake, je, imeacha nini? Swali hilo ni jema, na yafaa lijibiwe kwa hesabu badala ya hasira au sifa. Tena lafaa lijibiwe na kila mtu anayekaa karibu na kampuni kubwa, iwe ya sukari, ya saruji, ya chai au ya hoteli, maana hakuna kampuni isiyokuwa na siku yake ya mwisho.

MALI ILIYOKUWA MCHANGANI

Habari hii ilianza zamani kidogo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Tiomin ilipima mchanga wa Kwale, ikaona una madini matatu: ilmenaiti, rutaili na zikoni. Mawili ya kwanza hutoa unga mweupe utiwao katika rangi za nyumba, karatasi na plastiki. La tatu hutumika zaidi katika vigae vya sakafu na vyombo vya kauri. Leseni ya kuchimba ilitolewa mwaka 2004, lakini kazi haikuanza. Malumbano juu ya ardhi na fidia yalikuwa makali, hata mwaka 2001 wenyeji walikuwa wamekwisha kufika Mahakama Kuu ya Mombasa. Mwaka 2010 kampuni ya Australia iitwayo Base Resources iliununua mradi, ikajenga mitambo, na mwezi wa Februari mwaka 2014 meli ya kwanza ikapakia mzigo Likoni.

Namna ya kazi yenyewe si vigumu kuifahamu kwa mtu aliyewahi kumwona mama akipeta mchele. Mchanga ulichanganywa na maji ukawa kama uji, ukapitishwa katika mifereji iliyozungushwa kama ngazi ya mnara. Chembe nzito za madini zilikwenda upande wake, na mchanga mwepesi upande wake. Kisha madini yalikaushwa na kutenganishwa kwa sumaku na kwa umeme. Katika kila mia ya mchanga, madini yalikuwa sehemu chache tu; mchanga mwingine wote ulirudishwa shimoni. Kwa kuwa kazi hiyo yahitaji maji mengi, kampuni ilijenga bwawa katika mto Mukurumudzi, lenye uwezo wa kuweka mita za ujazo milioni 8.4.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza wakubwa wa kampuni walijua kwamba mchanga una kipimo chake. Kilima cha kati kilikwisha mwaka 2019, mitambo ikahamishiwa kilima cha kusini. Baadaye zikatafutwa sehemu nyingine za kuongeza muda, ikiwemo Bumamani, mpaka yote yakaisha. Hapo ndipo lilipo jambo kubwa la makala haya: kampuni inayojua siku yake ya mwisho haina udhuru wa kutojitayarisha, na wananchi wanaojua siku hiyo nao hawana.

MAENDELEO YA KUDUMU NI NINI?

Siku hizi kila kampuni kubwa hutoa taarifa kila mwaka juu ya maendeleo ya kudumu. Maneno hayo yalienea ulimwenguni tangu mwaka 1987, pale kamati ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway, ilipoeleza kwamba watu wa leo wajipatie mahitaji yao bila kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kujipatia yao. Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana juu ya malengo 17 ya namna hiyo, yafikiwe kabla ya kwisha mwaka 2030, na makampuni mengi yakayatia katika mipango yao.

Mkulima wa pwani hahitaji kamati imfundishe jambo hilo. Mtu apandaye mnazi leo anajua kwamba atakayeukwea miaka mingi ijayo huenda ni mjukuu wake. Vilevile anajua kwamba mtu agemaye tembo kila siku katika kila kilele cha mnazi asitazamie nazi. Ugumu unaanzia pale ambapo mwenye shamba na mwenye kugema ni watu wawili mbalimbali. Mwenye kugema ana haraka ya faida ya mwaka huu. Mwenye shamba atabaki hapo miaka yote. Kampuni kubwa ni mgema. Basi ili mnazi usife, yapasa pawe na mapatano yaliyoandikwa: atagema kwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na akiondoka atauacha mti katika hali gani.

JIRANI WAWILI WENYE MAFUNZO

Watu wa Kwale hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Upo mmoja kusini yao na mwingine kaskazini.

Wa kusini ni Ramisi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianzishwa mwaka 1927, kikawa mama wa kijiji kizima. Palikuwa na mashamba ya miwa, nyumba za watumishi, na maduka yaliyoishi kwa mshahara wa kiwanda. Mwaka 1988 kiwanda kikafungwa. Kazi zikapotea, na mashamba ya miwa yakarudi kuwa vichaka. Wengine wakaanza kulima mihogo na mahindi katika ardhi ile ili waishi. Baada ya miaka karibu 20, mwaka 2007, ardhi ikakodishwa tena na Serikali kwa kampuni mpya ya sukari, Kwale International. Ndipo madai yalipozuka kati ya kampuni na watu waliokuwa wakilima humo, kila mmoja akisema ana haki. Mashindano yale hayakutokana na ubaya wa miwa. Yalitokana na miaka karibu 20 ambayo hapakuwa na mtu aliyepanga ardhi ile itumiwe vipi.

Wa kaskazini ni Bamburi, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Hapo saruji ilianza kutengenezwa mwaka 1954, kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa papo hapo. Penye mawe yaliyochimbwa palibaki jangwa la mwamba mweupe, lenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 bwana shamba mmoja Mswisi, Bw. René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, na mvinje ukawa ndio mti wa kutumainiwa. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakalala juu ya mwamba bila kuoza, na pasipo majani kuoza hapana udongo. Bw. Haller akatambua kwamba jongoo hula majani yale. Jongoo wakaletwa kwa wingi, wakala, na kinyesi chao kikawa mbolea. Miaka ikapita, udongo ukapatikana, miti mingine ikaota, wakaja ndege na wanyama. Mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa watu kutembelea, na leo panaitwa Haller Park.

Katika habari ya Bamburi yapo mambo mawili ya kushika. La kwanza ni kwamba kazi ya kuponya ardhi ilianza wakati kiwanda kingali kikipata faida, wala haikungoja siku ya kufunga. La pili ni kwamba wenye kampuni hubadilika. Mwishoni mwa mwaka 2024 Bamburi ilinunuliwa na kampuni ya Amsons ya Tanzania. Hata hivyo miti imesimama palepale ilipopandwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Base Resources nayo ilinunuliwa na kampuni ya Marekani iitwayo Energy Fuels. Basi ahadi iliyo kichwani mwa meneja mmoja huondoka naye, lakini iliyotiwa katika leseni na katika ardhi yenyewe hubaki.

ARDHI YA MAUMBA NA NGULUKU

Familia za Maumba na Nguluku ziliondoka kupisha machimbo. Baadhi yao walipewa makao mapya Bwiti, upande wa Lunga Lunga, na wengine wakachukua fedha wakatafuta mahali pao wenyewe. Mtu aliyeacha mikorosho na minazi ya babu yake hawezi kulipwa kila kitu, maana kivuli cha mwembe wa nyumbani hakina bei. Kwa ajili hiyo deni la kwanza la kampuni lilikuwa kuirudisha ardhi hiyo katika hali ya kufaa.

Kabla ya kuchimba, udongo wa juu uliondolewa ukawekwa kando, kwa kuwa ndimo ilimo rutuba na mbegu za asili. Mchanga uliokwisha kupetwa uliporudishwa shimoni, ulisawazishwa, udongo wa juu ukarudishwa, na mimea ikapandwa, ikiwemo ya jamii ya kunde ambayo huongeza nguvu ya ardhi. Kampuni ilikuwa na bustani kubwa ya miche ya miti ya asili, maana machimbo yalipakana na msitu wa Gongoni. Tena palifanywa majaribio ya kilimo juu ya ardhi iliyokwisha kuchimbwa.

Mkulima ajuaye kazi yake atauliza maswali yake hapa. Mchanga uliooshwa kwa maji hupoteza udongo laini, na udongo laini ndio ushikao maji na chakula cha mmea. Ikiwa haukurudishwa na kuchanganywa vizuri, mahindi yatachipua kwa mvua ya kwanza kisha yatanyauka. Kwa hiyo ushindi wa kazi hii hauwezi kupimwa kwa majani mabichi ya mwaka wa kwanza. Utapimwa baada ya masika kadhaa, mbolea ya kampuni ikiwa imekwisha na mkulima akiwa peke yake na jembe lake. Swali la bwawa la Mukurumudzi ni hivyo hivyo. Maji yaliyokuwa ya kuoshea mchanga yaweza kunywesha mifugo na mashamba, lakini bwawa bila mwenye kulitunza hujaa tope, na ukuta wake huwa hatari kwa walio chini yake. Lazima ajulikane kwa jina ni ofisi gani yenye funguo zake.

UJUZI HAUCHIMBWI UKAISHA

Mchanga uliondoka kwa meli. Kilichoweza kubaki ni kile kilichoingia katika vichwa na mikono ya watu.

Kampuni iliweka utaratibu wa kuajiri ulio kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Duara la kwanza lilikuwa watu wa vijiji vilivyoguswa na machimbo; la pili watu wa Kwale kwa jumla; kisha watu wengine wa pwani; na mwisho Wakenya wote. Kwa kazi ambayo mtu wa duara la ndani aliiweza, hapakutafutwa mtu wa duara la nje. Mwanzoni mwa kazi wageni walihitajika katika mitambo mingi. Kadiri miaka ilivyopita, Wakenya walifundishwa wakashika nafasi zao, na hatimaye karibu watumishi wote walikuwa wenyeji wa nchi hii. Vijana walichukuliwa kuwa wanagenzi katika karakana, wakifundishwa ufundi wa umeme, wa mitambo na wa kuunga chuma, na wengine waliotoka vyuoni walipewa nafasi ya kujifunza kazi.

Haya yaonyesha tofauti kati ya kumpa mtu kazi na kumwendeleza mtu. Chukua mfano wa vijana wawili wa kijiji kimoja, walioandikwa siku moja. Wa kwanza alifagia karakana miaka 10, akilipwa vizuri kila mwezi, na siku ya mwisho akatoka na ufagio ule ule. Wa pili alianza kwa kufagia, akafundishwa kuendesha tingatinga, akapewa mtihani na cheti kinachotambuliwa na Serikali. Mishahara yao huenda haikupishana sana. Lakini machimbo yalipofungwa, wa pili aliweza kubisha mlango wa mjenzi wa barabara, wa bandari au wa kampuni nyingine popote duniani. Wa kwanza alirudi nyumbani kungoja. Kampuni yenye busara huhesabu watu wa namna ya pili inapoandika taarifa yake. Na mtumishi mwenye busara haoni haya kumwuliza msimamizi wake, Je, nikitoka hapa nitatoka na nini?

Makarani nao wasidhani habari hii ni ya mafundi tu. Karani wa stoo aliyejifunza kuhesabu mali kwa kompyuta, kuagiza vipuri kutoka ng'ambo na kufuata kanuni za usalama ana ujuzi unaotakiwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Lakini ujuzi usio na cheti ni kama shamba lisilo na hati. Mwenyewe anajua ni lake, ila mgeni atamwuliza ushahidi.

MALIPO YA SIKU YA MWISHO

Yafaa kila mtumishi ajue sheria inasema nini kazi inapokwisha bila kosa lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, yaagiza kwamba mtumishi, au chama chake cha wafanyakazi, na afisa wa kazi wa mahali hapo wapewe habari si chini ya mwezi mmoja mbele. Yaagiza pia kwamba mtumishi alipwe fedha za likizo ambayo hakuichukua, na juu yake malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Kwa hiyo mtu wa miaka 10 hapungukiwi siku 150, yaani mshahara wa miezi mitano hivi. Mapatano ya chama yaweza kumpa zaidi, lakini hayawezi kumpa chini ya hapo.

Miezi mitano ni mingi machoni na ni michache mkononi. Jirani watamwona mtu amepokea fedha kwa mkupuo, na kila mmoja atakuja na shida yake. Wako watakaonunua pikipiki kwa kuwa jirani wamenunua, mpaka Ukunda iwe na madereva wengi kuliko abiria. Mtu anayeondoka kazini angefanya vyema kulipa madeni yake kwanza, kutenga karo ya shule ya mwaka, na kuiacha iliyobaki benki au katika chama cha akiba na mikopo kwa miezi mitatu kabla ya kuanza biashara yoyote. Katika miezi hiyo akili hutulia, na wenye kusifu hupungua.

PAMBA NA CHAMA CHA USHIRIKA

Si kila mtu wa Kwale aliyetaka kazi ya machimbo aliipata, wala isingewezekana. Kwa hiyo jambo lililowagusa watu wengi zaidi huenda lilikuwa kilimo. Kwa msaada wa kampuni na wenzake kutoka Australia, wakulima wa Kwale walianza tena kulima pamba kuanzia mwaka 2014, na kampuni ya nguo iitwayo Cotton On ikawa mnunuzi. Chama cha ushirika cha wakulima kiitwacho PAVI kiliundwa ili wakulima wapate mbegu, mafunzo na soko kwa pamoja, kwa pamba na kwa mazao mengine ya chakula.

Shabaha ya mpango huo ilikuwa ya akili: kwamba siku machimbo yatakapofungwa, pawe na kitu kingine kilicho hai ambacho hakitegemei mchanga. Pamba hustahimili jua kuliko mahindi, na mkulima aipandaye hailazimu kuuza ng'ombe wake mvua ikichelewa. Hata hivyo chama cha ushirika kilichozaliwa kwa msaada ni kama mtoto aliyefundishwa kutembea kwa kushikwa mkono. Mkono ukiondolewa, hutembea au huanguka. Historia ya ushirika katika Kenya ina mifano ya namna zote mbili, na mara nyingi kilichotofautisha ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwanachama ambaye hahudhurii mkutano mkuu, wala haombi kusomewa hesabu, asishangae siku akiambiwa kwamba fedha hazipo.

FUNGU LA WANANCHI

Liko jambo moja zaidi ambalo kila mkazi wa mahali penye madini apaswa kulikariri. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema kwamba mrabaha unaolipwa na kampuni hugawanywa hivi: sehemu 70 katika mia kwa Serikali ya taifa, sehemu 20 kwa serikali ya kaunti, na sehemu 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Kwa watu wa Kwale fungu hilo la 10 lilichelewa miaka mingi, nao hawakuacha kulidai. Kudai haki kwa utaratibu, kwa barua na kwa wajumbe waliochaguliwa, si uasi. Ni wajibu wa raia. Lakini kupokea fungu kuna wajibu wake pia, maana fedha za jamii zikigawanywa shilingi chache kwa kila mlango huliwa kwa wiki moja, na zikijenga karakana ya kufundishia vijana huzaa miaka mingi.

Wasomaji wasidhani kwamba jambo la kula mali ya ardhi mpaka ikaisha limewapata watu maskini tu. Katika bahari ya Pasifiki kiko kisiwa kidogo kiitwacho Nauru, kilichokuwa na mawe ya fosfeti, ambayo ni mbolea yenye bei. Kilipata uhuru mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 watu wake walikuwa miongoni mwa matajiri wa dunia kwa hesabu ya kila kichwa. Fedha za akiba zikatumiwa vibaya katika biashara zisizofaa, fosfeti ikapungua, na sehemu kubwa ya katikati ya kisiwa ikabaki vichuguu vya mawe visivyolimika. Norway, kwa upande mwingine, ilipopata mafuta chini ya bahari, iliunda mwaka 1990 mfuko wa akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo, na kutumia sehemu ndogo tu kila mwaka. Nauru na Norway zote mbili zilipewa mali na ardhi; zilitofautiana katika kufikiri juu ya kesho.

MASWALI YA KUMWULIZA MGENI

Machimbo ya Kwale yamefungwa, lakini pwani ya kusini haitakosa kampuni nyingine kubwa. Itakuja moja kwa ajili ya madini, nyingine kwa miwa, nyingine kwa hoteli au kwa bandari. Kila moja itakuja na picha nzuri na maneno matamu juu ya shabaha zake. Siku hiyo mzee wa kijiji, mwalimu, mkulima na karani waende mkutanoni na maswali yao yameandikwa.

Waulize: Kazi hii itadumu miaka mingapi, na mpango wa siku ya kufunga uko wapi? Fedha za kuitengeneza ardhi zimewekwa wapi tangu leo, ili zisitegemee faida ya mwaka wa mwisho? Ni vijana wangapi watafundishwa kila mwaka, kwa ufundi gani, na nani atawapa vyeti? Maji yatatoka mto gani, na baada ya kampuni yatakuwa ya nani? Fungu la jamii litapitia mikono ya nani, na hesabu zake zitabandikwa wapi? Kampuni njema haitachukizwa na maswali hayo, kwa kuwa yenyewe hujiuliza. Na ile itakayochukizwa itakuwa imekwisha kujibu.

Basi imeacha nini kampuni ya Maumba na Nguluku? Imeacha mafundi, bwawa, ushirika, ardhi iliyosawazishwa na miche iliyopandwa. Vyote hivyo vyaweza kukua, na vyote vyaweza kufa. Kampuni imetimiza au haikutimiza sehemu yake, na hesabu hiyo itaendelea kudaiwa na wenye mamlaka. Sehemu iliyobaki ni ya watu wa Kwale wenyewe. Gogo limekwisha kubanduliwa, na vibanzi vimelala chini. Mwenye kuviokota mapema atapata kuni za kupikia, na mwenye kungoja atakuta mvua imevilowesha.